Mwaka Tuliochagua Tarumbeta Nyuma ya Pazia

Kazija kafa, Mwenyezi Mungu amrehemu, na siku ya hitima yake kule Wete wajukuu zake waliniweka kitako katikati ya ukumbi, kila mmoja anataka nimwambie bibi yake alikuwa mtu gani ujanani. Nikawaambia alikuwa mbishi. Wakacheka, wakidhani nawatania. Nikawaambia miye na bibi yenu tuliwahi kubishana juu ya tarumbeta mpaka tukanyimana chumvi. Hapo wakaacha kucheka, mmoja akauliza, tarumbeta ya nani, bibi, ya askari? Nikasema la, yetu wanawake, ya lelemama. Wakatazamana kama watu wanaomtazama mgonjwa. Basi nikarudi zangu Chake na jambo lile limenikaa kooni, nikachukua daftari la mjukuu lililobaki kurasa, na ninaandika. Kuandika nilijifunza ukubwani katika darasa la kisomo, kwa hiyo anayetaka mwandiko wa kunyooka na aende kwa mwingine. Ya baba na mama nayaacha, walikuwa watu wema na hawamo katika habari hii.

Namba ya mwaka siijui. Rupia zilikuwa bado zikitumika, hilo nalijua, na karafuu zilizaa mpaka matawi yakawa yanakatika, ila bei yake ilikuwa chini ya miguu. Miye nilikuwa na miaka kumi na minane hivi, nimerudi na talaka yangu kutoka Shumba, nimechukuliwa na Bi Raya nikae kwake nimsaidie kushona kofia. Nyumba yake ilikuwa Chake Chake, ya mawe, ina ukumbi, ina baraza mbele, na baina ya baraza na chumba cha ndani pazia zito la rangi ya damu ya mzee, chumba chenyewe kina mashubaka ukutani yaliyojaa sahani za kaure zilizokatika kingo. Watu wa kwao walikuwa Waarabu wenye mashamba, Mgogoni na kwengineko, lakini wakati huo mashamba yalikwisha watoka na walichobakiwa nacho ni mikarafuu michache, adabu na zile sahani. Mtu mwengine angelia. Bi Raya alizipakulia sahani zile muhogo wa nazi na papa mkavu, akala kama anakula biriani. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimekula kwa watu wengi, sijaona tena mtu anayeweza kuutukuza muhogo kwa namna ya kuushika tu.

Sasa Mkufu. Mkufu kilikuwa chama chetu cha lelemama na Bi Raya ndiye kiongozi. Kwa asiyejua, lelemama ni ngoma ya kina mama: mnasimama mstari, mmevaa sare, mnacheza kwa mikono na shingo tu, taratibu, mnaimba. Anayetazama kwa mbali huona wanawake wamepumbaa. Kumbe vita iko katika maneno. Kila ubeti una fumbo, na fumbo limetumwa kwa mtu, na mtu mwenyewe yupo pale anatabasamu huku maini yanamkatika. Waliokuwa wakitumiwa mafumbo yetu, nao wakitutumia yao, ni chama cha pili kikiitwa Kidani, jina la pambo kubwa la shingoni. Sisi tulipigiwa zumari na Faki, mtu wa Vitongoji, mwenye mashavu kama vikapu, aliyeweza kupuliza wimbo mzima bila kukata pumzi. Lakini mwaka uliotangulia Kidani walikuwa wamekodi mpiga tarumbeta kutoka Unguja. Tangu siku ile watu wakasema zumari mambo ya kale. Wenzetu sita wakahamia Kidani. Mmoja aliondoka na sare yetu akaenda kuishona foronya.

Ikaja habari ya harusi Vitongoji, vyama vyote viwili vimealikwa, siku moja, uwanja mmoja. Jioni hiyo tulikuwa tumekaa uani tunachambua karafuu, kutoa makonyo, vidole vimekuwa vyeusi. Bi Raya akasema kwa sauti ileile aliyokuwa akiombea maji ya kunawa, "Tutanunua tarumbeta. Na tukishindwa Vitongoji, Mkufu naufunga, kila ntu aende anakotaka bila ya kutoroka na foronya." Hakuna aliyecheka. Fedha iliyokuwa katika chama ilitosha tarumbeta moja, na si kila tarumbeta.

Wanawake wa nyumba kama ile hawakuwa wakienda dukani. Duka ndilo lilikuwa likija. Ukitaka doti ya kanga unampelekea Muhindi salamu, naye anakuletea doti kumi nyumbani, unazitandaza chumba cha ndani na mashoga zako, mnazivuta, mnazinusa, mnagombana, siku ya pili mnarejesha tisa. Bi Raya akaona hakuna sababu tarumbeta iwe na desturi nyengine. Akampelekea salamu Bwana Rajabali mwenye duka la vyombo. Kwa kuwa jambo lenyewe halijawahi kusikika, Bwana Rajabali alikuja mwenyewe, na kitu kikubwa kimefungwa shuka la marekani, akapiga hodi, akakaa barazani. Miye nikalipokea bunda kwenye pazia nikalibeba ndani kama kitoto kichanga.

Zilikuwa tatu. Tukazilaza juu ya mkeka tukazizunguka, watu saba na mtoto wa Kazija aliyekuwa hajaota jino. Ya kwanza ilikuwa ndefu, nyembamba, imepakwa fedha, ina vifungo vitatu vya kubonyeza vinavyopanda na kushuka kama vinamwitikia mtu. Ukiinama unajiona uso. Ya pili ilikuwa baragumu la askari, shaba tupu, halina kifungo hata kimoja, jipya na rahisi kuliko zote. Ya tatu Bwana Rajabali aliita koneti. Ilikuwa fupi, imejikunja, nene tumboni, imebonyea pahala pawili na rangi yake kama sinia lililosahauliwa jikoni. Alisema kupitia pazia kuwa ilipigwa miaka na bendi moja Unguja, "imekwisha fundishwa, Bibi, inajua kazi," na bei yake ilikuwa nusu ya ile ya fedha.

Kazija akaichukua ile ya fedha akaipakata. Hakuiweka chini tena. "Hii," akasema. "Tukiingia na hii Vitongoji, Kidani watavunda wenyewe."

"Huijui hata pa kushikia," nikamwambia.

"Na weye mume ulimshikia wapi, akakuponyoka?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na nilimpenda. Bi Raya alitunyamazisha kwa mkono. Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo nikiwa peke yangu huwa nalikumbuka nikatabasamu. Alizichagua tarumbeta kama anavyochagua chungu. Kwanza alizipima uzito mkononi, moja moja, macho amefumba. Kisha akazigonga kwa ukucha wa kidole cha kati akasikiliza, kwa sababu chungu chenye ufa husema. Akakata ndimu akaisugua kwenye ile ya fedha mahali pasipoonekana, akaangalia, akasema fedha ni ya juu juu lakini chini mna shaba ya kweli. Halafu akaniambia lete maji. Tukaziba kidomo cha kila moja, pale pa kupulizia, kwa kidole, tukaisimamisha, tukaijaza maji kwa kata, tukasubiri. Kazija alishika kichwa. "Bi Raya, Muhindi akituona atatushitaki." Barazani Bwana Rajabali alikuwa anakunywa kahawa na kula halua, hana habari. Ile ya fedha haikutoka tone. Baragumu nalo halikutoka. Koneti ilikaa kidogo, kisha kwenye kiungo cha chini, pale bomba linapogeuka, kukatokea tone, likaning'inia, likaanguka juu ya mkeka. La pili likafuata.

"Basi, imekwisha hiyo," akasema Kazija.

"Imesema ugonjwa wake," akajibu Bi Raya, akaifuta kwa upindo wa kanga. "Sasa zitie sauti."

Faki alikuwa ameshaitwa, yupo barazani upande wa pili. Yeye hakuwa na ruhusa ya kuingia na sisi hatukuwa na ruhusa ya kutoka, kwa hiyo tarumbeta zilipita chini ya pazia. Nikaisukuma ya fedha. Tukasikia akisema Bismillahi. Tukasikia pumzi ikiingia puani, zile pumzi zake zilizokuwa na sifa Pemba nzima. Kisha tukasikia fuuuu, kama mtu anapuliza moto wa kuni mbichi. Basi. Nikampa baragumu, fuuuu. Nikampa koneti, fuuuu, na mate.

"Zote mbovu," akasema Faki, sauti imevunjika. "Bibi, umeletewa mabomba."

Bwana Rajabali akakasirika kweli. Alisema duka lake lina jina, akala yamini kwa dini yake, akasema kama ntu hajui kupuliza asisingizie mali ya watu. Faki naye akasema amepuliza tangu hajatahiriwa. Wakawa wanagombana, na ndani Kazija ananong'ona kuwa Kidani wakiipata habari hii wataitungia wimbo kabla ya magharibi. Niliinua ncha ya pazia nikachungulia. Nikaona kosa, na ni kosa ambalo mpiga zumari peke yake ndiye angelifanya. Zumari lina kilimi cha ukuti nchani, nacho unakitia chote ndani ya kinywa, midomo inafunga nje. Faki alikuwa amekimeza kidomo cha tarumbeta kizima kama pipi. Alikuwa anasubiri ukuti ulie, na ukuti haumo.

Lakini kuona kosa si kujua dawa. Dawa aliileta mtoto. Kitoto cha Kazija kilikuwa kimekalishwa juu ya mto, kimechoka na ugomvi wetu, kikaanza kutetemesha midomo, brrrr, brrrr, mate yanaruka. Kwetu mtoto akifanya vile husemwa anaita mvua. Siku nyengine watu hucheka. Msimu wa karafuu hawacheki, maana nje ya kila nyumba pana majamvi yametandazwa na mavuno ya mwaka mzima yanakauka juani, na mvua ya nusu saa inayatia ukungu. Kazija akamwekea kiganja kinywani. Bi Raya akasema, "Mwache." Akamtazama mtoto. Akaenda mwenyewe mpaka kwenye pazia, akasimama, akasema, "Bwana Faki. Usikile kidomo. Kiweke juu ya midomo, kisha uite mvua."

Kisha Faki akasema kwa heshima sana, "Bibi, karafuu ziko nje."

"Nimeziona. Ita."

Sauti iliyotoka ilikuwa ya ng'ombe aliyekanyagwa mkia. Kuku wote wa uani waliruka. Lakini ilikuwa sauti. Tukashikana mikono. Nje nikamsikia Bwana Nassor, kaka yake Bi Raya, aliyekuwa analinda majamvi yake karibu na njia, akiuliza ni nini hicho. Bwana Nassor alikuwa mtu mrefu, mkali wa sheria, akivaa kanzu yenye tarizi shingoni hata akiwa anageuza karafuu, na ngoma zetu alizichukulia kama homa ya dada yake itakayopoa. Faki alikuwa ameshaonja. Mashavu yale yalikuwa na akiba, midomo ikapata njia yake, na baada ya muda mfupi, kiasi cha mtu kumaliza bakuli la uji, alikuwa anapandisha na kushusha, anacheka katikati, anaomba radhi, anaanza tena.

Hapo ndipo uchaguzi wenyewe ulipoanza, na hapo ndipo nilipojifunza kumsikiliza Bi Raya. Alitupanga mstari chumba cha ndani, akasema tuimbe polepole ule wimbo mpya tulioutunga, Faki atufuate. Alianza na baragumu. Lina sauti ya kuamsha maiti lakini lina ngazi nne tano tu, wimbo ukitaka kuteremka pole lenyewe linaruka kama mtu anayeshuka mnazi kwa kujitupa. Tukaliweka kando, halikuleta ubishi. Ikaja ya fedha. Wallahi ilikuwa nzuri. Sauti yake ilikuwa imenyooka, inang'ara kama ilivyo, ikapita pazia ikajaza chumba mpaka sahani zikalia katika mashubaka. Kazija machozi yalimtoka. Tulipomaliza akasema, "Basi, tumeshapata, tusijisumbue."

Bi Raya akamuuliza, "Ubeti wa pili umesema nini?"

"Si tumeutunga wenyewe?"

"Sikuuliza tumetunga nini. Nauliza umesikia nini."

Kazija akafuta machozi. Alikuwa hajasikia kitu, wala miye sikusikia, na tulikuwa tunaimba. Kisha ikaja koneti. Ilianza kwa kukohoa, halafu ikatoa sauti ya chini, nene, kama mwanamke aliyeamka sasa hivi anayeongea na jirani juu ya ukuta. Haikujaza chumba. Ilikuja ikakaa kando yetu. Tulipoimba ilikuwa chini, tulipomeza pumzi ilipanda. Bi Raya akasema neno ambalo nililisema na miye baadaye kwa wanangu, kwa mambo mengine kabisa. "Miye sinunui kelele. Kelele tunazo. Nanunua wa kutuitikia."

Kazija alipinga mpaka jua likageuka. Alisema inavuja. Alisema imebonyea. Alisema watu Vitongoji watasikiliza kwa macho kabla ya masikio, na hilo lilikuwa kweli, wala Bi Raya hakulikataa. Bwana Rajabali, aliyesikia yote kupitia pazia, akajitia katika maneno, akasema ile ya fedha anaweza kutuachia tulipe kidogo kidogo mpaka msimu ujao. Bi Raya akasema ahsante, katika nyumba hii maneno hayo tumeyasikia, ndiyo yaliyokula mashamba. Basi ikawa koneti. Kazija akairudisha ya fedha chini ya pazia akiisukuma kwa vidole viwili, uso ameugeuza ukutani, na siku tatu hakunipa hata chumvi kwa kuwa nilimuunga mkono Bi Raya.

Na mvua ikanyesha. Sisemi ililetwa na koneti, nasema ilinyesha, alasiri hiyohiyo, ghafla, na mtaa mzima ukatoka mbio kukunja majamvi. Tulisaidia na sisi, mabuibui yamerowa. Bwana Nassor aliokoa zake zote isipokuwa jamvi moja, lakini ungedhani kapoteza jahazi. Alisimama ukumbini anadondoka maji akatoa amri kuwa kidude kile kisilie tena Chake mpaka karafuu zake ziingie maguniani. Bi Raya akamletea taulo na chai ya mdalasini akamwambia, "Sawa, kaka." Siku ya pili akampa Faki koneti aende nayo kwao Vitongoji akafanye mazoezi mbele ya bahari, huko ambako hakuna jamvi. Shimo la kiungo aliliziba mwenyewe kwa nta ya nyuki, akaikanda kwa kidole gumba, akaipitishia kitambaa. Watu wa Vitongoji wakatueleza baadaye kuwa Faki alikuwa akienda sokoni na kidomo mfukoni, akikutana na mtu haamkii mpaka kwanza ameita mvua.

Siku mbili kabla ya harusi tukaletewa habari kwamba ile ya fedha imenunuliwa. Na Kidani. Kazija alinitazama tu. Hakusema kitu, na ubaya wa Kazija ulikuwa pale asiposema.

Harusi ilikuwa alasiri. Uwanja ulizungushiwa ua wa makuti mabichi, ndani wanawake tu, na wapigaji wetu wanaume wamekaa pembeni wametupa mgongo kama ilivyo desturi. Nje ya makuti, njiani, wanaume wamejaa, kila mmoja anajifanya anasubiri mtu. Nilimwona Bwana Nassor kwa upenyo, na mkongojo wake, anayakodolea makuti kama anayasoma. Kidani walianza. Wameshona sare ya hariri ya kijani, na tarumbeta yao ilipoinuliwa jua likaishika, uwanja mzima ukasema mashaallah. Nasema kweli, na Kazija angekuwa hai angefurahi kusikia nakubali: ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona mkononi mwa mtu. Na ililia. Ililia mpaka makuti yakatikisika. Walicheza vizuri. Midomo yao ilikuwa inafunguka na kufumba, na mafumbo yalikuwemo humo bila shaka, maana walikuwa wanatutazama kwa pembe za macho. Jirani yangu, mama mmoja wa hapo Vitongoji, akaniuliza, "Wanasemaje?" Nikamwambia sijui, mama.

Tukasimama sisi. Sare yetu ya mwaka juzi, imepigwa pasi. Faki akaita, koneti ikakohoa, watu wakacheka kidogo. Kisha ikaingia. Nikasikia uwanja unatulia, si kwa kushangaa, ni kwa kutaka kusikia. Tukaimba ubeti wa kwanza, wa salamu. Tukashika wa pili, na katikati ya mstari wa kwanza ikasikika firimbi nyembamba, fiii, kama birika. Nta ilikuwa imeyeyuka. Jua la alasiri na pumzi ya Faki vilikuwa vimeila, na sauti inakimbilia kwenye shimo. Koneti ikaanza kufa mbele za watu. Faki anahangaika, mikono yake miwili ina kazi, wa kulia uko kwenye vifungo na wa kushoto umebeba. Nikasikia kicheko upande wa Kidani. Kazija, ubavuni mwangu, akasema kwa pumzi, "Ya Rabbi," na hakusema nilikwambia. Nampa haki yake, hakusema wakati huo wala baadaye.

Bi Raya alitoka mstarini. Hakukimbia. Alikata uwanja ule mzima kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuangalia chungu chake jikoni, mwanamke wa nyumba ambayo hata muuza samaki hakuwahi kuuona mkono wake, akafika kwa Faki, akasimama nyuma ya bega lake, akanyoosha mkono, akaweka kidole gumba juu ya tundu. Alijua lilipo. Hakulitafuta. Firimbi ikakatika na ile sauti nene ikarudi kama mtu aliyetoka nje kidogo. Faki hakugeuza kichwa. Alipuliza macho ameyafumba, jasho linamtiririka, na Bi Raya alisimama vile wimbo mzima, akiimba na sisi kutoka pale alipo, ushungi umemteremka mabegani na hana mkono wa kuupandisha, maana wa pili alikuwa ameutumia kutuashiria tusikate. Tukaurudia ubeti mara tatu:

Kidani sikitamani, uzito chanilemea,
Nimevaa hadharani, shingo imeinamia,
Mkufu wangu wa ndani, kifuani watulia.

Mama wa Vitongoji hakuniuliza tena wanasemaje. Mara ya tatu alikuwa anauimba.

Nani alishinda, pale pale hakuna aliyetamka. Wengine walisema Kidani kwa sare na tarumbeta, wengine walisema sisi. Tulirudi Chake na jambo lile halijakaa sawa, na juu yake kuna jengine zito zaidi, kwa kuwa midomo ilikuwa imeshaanza kusema Bi Raya alisimama bega kwa bega na mpiga zumari, kichwa wazi, na wanaume wanaona kwenye nyufa za makuti. Bi Raya mwenyewe alikula akalala. Miye ndiye niliyekesha kwa ajili yake.

Asubuhi Bwana Nassor akaja. Tulikuwa tunakunywa chai na mkate wa kumimina, amekaribishwa akakaa, hakugusa mkate. Niliinuka niondoke, Bi Raya akaniambia kaa, Mize, kofia haijesha. Basi nikakaa na sindano yangu nikajifanya ukuta.

"Raya," akasema, "jana ulisimama na mwanamume mbele za watu."

"Nilisimama na koneti, kaka. Mwanamume alikuwa upande wa pili wake."

"Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema." Akakohoa. Alikuwa amejiandaa, hilo lilionekana, maneno ameyapanga tangu alfajiri. Akataja jina la baba yao, akataja nyumba, akataja umri wake. Bi Raya alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkata hata mara moja, na alipokwisha alimsogezea sahani. Bwana Nassor akamega kipande, akatafuna, akatazama dirishani ambako majamvi yake yalikuwa yametandazwa tena. Kisha akauliza, bila kututazama, kama anayeuliza bei ya mafuta ya taa, "Hiyo 'shingo imeinamia', kabla yake mnasema nini? Pale barabarani kulikuwa na mtoto analia."

Bi Raya akainamisha uso juu ya kikombe. "Mize, mwambie kaka."

Nikamwambia, kwa kusema tu, bila kuimba, kwa haya. Akaitikia kwa kichwa. Akamaliza mkate wake, akaomba mwengine, akasema mambo ya shamba na makonyo na bei. Alipoondoka alimwambia dada yake awe anajisitiri, naye akasema inshallah. Nikamsindikiza mpaka barazani kumpa mkongojo wake. Akavaa viatu, akashuka ngazi, akashika njia katikati ya karafuu, na alipodhani nimeshaingia ndani nikamsikia anapiga mluzi. Alikuwa anapiga ile sehemu ya koneti, chini, polepole, na kila palipofika zamu ya maneno alinyamaza, akawapisha wanawake wapite, kisha akaendelea.